Mwaka Tuliowaua Bundi wa Kaloleni

Mama Imali alifariki mwezi uliopita, na ibada ya kumuaga ikafanyiwa katika holi la Kaloleni kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Vihiga. Alfajiri nilitoka shuleni ninakofundisha, nikafika wakati chai ilikuwa ikigawanywa. Nilipewa kikombe na kiti cha plastiki karibu na mlango wa pembeni. Wengi hawakunitambua, maana nimenenepa na kichwa kimejaa mvi. Shemeji ya marehemu alisimama kusimulia maisha yake. Alisema alikuwa mama wa kanisa, na kwamba aliuza mboga miaka mingi bila kugombana na mtu. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. “Mtoto wake wa kwanza, wengi wenu hamkumjua, alichukuliwa na watu wa giza. Kulikuwa na mchongaji hapa, mtu wa Ukambani, alikuwa anafuga bundi.” Wanawake waliokaa mbele wakaguna. Mimi nilikuwa na chai mdomoni. Nikaimeza. Nilikaa pale mpaka wimbo wa mwisho, nikatoa rambirambi yangu, nikaondoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka na maneno ambayo ningeyasema kama ningesimama. Nayaandika hapa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa kwa Senge, ndivyo tunavyomwita shangazi sisi Wamaragoli, nikingoja kuitwa chuo cha ualimu. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vya mawe, vya zamani za mkoloni, kuta nene na paa la vigae, na nyuma jiko dogo lililoshika masizi hadi ukutani. Nililala chumba cha mbele juu ya godoro tulilolisimamisha mchana nyuma ya kochi. Kati ya jiko letu na la Mama Imali palikuwa na wigo wa kayaba wenye miiba mirefu kama sindano za magunia, na mwisho wa uwanja wa nyuma kulikuwa na chumba cha mabati alichopanga Mutiso, mchongaji. Kuta za mabati hazifichi neno. Nikiosha vyombo nilimsikia akipiga msasa na kuzungumza na kazi yake: “Wewe, masikio yako yamekataa kulingana.” Nilisikia pia hatua za Imali, mtoto wa miaka minne, akienda mlangoni pake kila asubuhi kuomba kitu. Mutiso hakumrudisha mkono mtupu. Siku nyingine alimpa twiga aliyevunjika shingo, siku nyingine kipande cha mandazi alichobakisha kwenye chai yake.

Mutiso alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alichonga vifaru tangu ujana, na aliniambia hajawahi kuona kifaru hata siku moja. Alijifunza kwa kifaru cha babake, na babake alijifunza kwa kifaru cha mtu mwingine. Zamani walichonga muhugu, mti mgumu wenye harufu tamu, lakini muhugu ulikuwa umekwisha, na sasa waliletewa jakaranda, ambao hupasuka ukikauka. “Tuliumaliza sisi wenyewe,” aliniambia, akinionyesha ufa uliopita mgongoni mwa tembo. “Tulikata kama watu wanaofikiri mti unaota kama sukuma wiki.” Mwaka huo mteja mmoja alimwagiza bundi wa mbao, na kwa mara ya kwanza maishani akapata mnyama anayeweza kumwona kabla ya kumchonga. Bundi wawili waliishi juu ya dari ya holi, wakiingilia tundu la hewa lililong’oka wavu. Jioni akitoka kwenye karakana ya wachongaji alisimama chini ya tundu hilo na kutazama juu mpaka shingo ikamuuma, na asubuhi alipita kuangalia walichodondosha.

Siku moja aliniita kwenye ngazi ya mlango wake. Alikuwa ametandaza gazeti, na juu yake kulikuwa na matonge meusi, makavu, ukubwa wa kidole gumba.

“Unajua hii ni nini?”

“Ni mavi ya paka.”

“Bundi hana meno, Kageha. Anameza panya mzima, halafu anatapika kile tumbo limekataa.” Akapasua tonge moja kwa ncha ya patasi. Ndani ya manyoya mlikuwa na mifupa myembamba kama njiti, kisha fuvu dogo lenye meno ya manjano, kisha jingine. Alipanga mafuvu manne kwa mstari. “Hicho ni chakula cha ndege mmoja, mara moja. Na wana watoto huko juu.”

Nilikuwa na kitabu changu cha baiolojia cha shule, na kwenye sura ya ikolojia kulikuwa na mchoro wa mnyororo wa chakula: nyasi, panzi, chura, nyoka, mwewe. Nilikuwa nimeukariri ili nipite mtihani bila kuuona popote, kwa kuwa Kaloleni sikuwahi kukutana na chura wala nyoka. Siku hiyo niliona mnyororo wetu. Taka zilizorundikana nyuma ya choo cha umma baada ya lori la taka kuacha kuja, panya waliokula taka, bundi waliokula panya. Nilifurahi, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Leo, ninapowachorea wasichana wa kidato cha kwanza mishale hiyo ubaoni, ninawaambia mshale unaonyesha chakula kinakokwenda, na kwamba kila kilichomo ndani ya chakula hicho huenda nacho. Wanaandika. Nami huwa nageuka kufuta ubao kabla hawajamaliza.

Mwezi wa tano watu wawili wa mtaa wetu walikufa ndani ya wiki moja, mzee mstaafu wa reli na mwanamke aliyekuwa akiimba kwaya na Senge. Yule mwanamke alikuwa mgonjwa tangu Krismasi, lakini jirani yake alisema bundi alilia juu ya paa lake siku mbili mfululizo. Baada ya maziko, mwenyekiti wa nyumba zetu, Baba Kadima, karani wa ofisi fulani mjini ambaye hakuvua tai hata Jumamosi, aliita mkutano mbele ya holi. Hakukuwa na mabishano. Vijana wakaleta ngazi na fito.

“Hizi vitu tunazitoa leo,” mmoja alisema, akipanda.

Mutiso alitoka chumbani na msasa mkononi, akashika mguu wa ngazi. “Waacheni hao ndege. Hao ndio wanakula panya zenu.”

“Mzee,” kijana akamwambia kutoka juu, “wewe uko upande wa ndege ama wa watu?”

Watu wakacheka. Mutiso aliangalia uso mmoja mmoja, akitafuta mtu wa kumsaidia, na macho yake yakanifikia. Nilikuwa nimembeba Imali kiunoni ili aone vizuri. Nilijua alichokuwa anasema ni kweli, nilikuwa nimeyaona mafuvu. Nikamgeuza Imali upande wa pili, kana kwamba ni yeye aliyenishughulisha. Wale wakubwa waliuawa kwa fito wakiwa wamepofushwa na jua. Makinda matatu yalitupwa chini kutoka kwenye tundu, meupe kama pamba, yakitoa sauti ya maji yanayomwagikia moto. “Yanalia?” Imali akaniuliza. Nikamwambia hapana.

Siwezi kusema panya waliongezeka siku gani. Kwanza tulisikia mbio kwenye dari. Halafu sabuni ikaanza kupotea sahanini, halafu unga ukawa na tundu kwenye pembe ya pakiti, halafu Senge akakuta sare yake ya kwaya imekatwakatwa ikawa tandiko la vichanga vyekundu visivyo na macho. Panya jike huzaa kila baada ya wiki tatu hivi akipata chakula, na kwa taka zile chakula kilikuwa tele. Wakati wa chakula cha jioni tuliinua miguu juu ya vigoda. Tulikula ugali na mrenda huku Senge akigonga meza kwa mwiko kila baada ya matonge mawili, na mazungumzo yetu yote yakawa ya panya: fulani ameumwa kidole, fulani amekuta mmoja ndani ya sufuria ya maziwa. Mutiso hakuwaambia watu kwamba aliwaonya. Kuna siku nilitamani aseme, tugombane naye, iishe.

Mchuuzi wa sumu alipita na kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni. Baba Kadima alipanga kila nyumba itege siku moja, na Jumamosi ile mtaa mzima ulinuka omena, wale dagaa wakavu, maana kila mtu alichanganya sumu na omena. Watoto walifungiwa ndani. Kesho yake panya walikusanywa kwa ndoo na kuchomwa, tukashangilia. Jumatatu paka wa Senge akafa chini ya kochi, povu mdomoni. Kufikia Ijumaa sikuona paka hata mmoja Kaloleni, na mwewe alianguka karibu na mfereji akiwa bado anapumua, mabawa yamefunguka kama mwavuli uliovunjika. Aliyekula panya mwenye sumu alikufa, na aliyekula mizoga pia alikufa. Mutiso alimfunika mwewe yule kwa karai mpaka akanyamaza. “Sasa hakuna wa kuwala,” akaniambia. “Na panya hawawezi kuisha wote.” Ilikuwa kama alivyosema. Waliobaki hawakuwa na adui tena, na baada ya majuma machache tukarudi palepale, ila safari hii hawakugusa omena. Panya akiona kilichomuua mwenzake hukikataa.

Mwezi wa nane panya walitoboa gauni nililoshonewa kwa ajili ya mahojiano ya chuo. Lilikuwa la samawati, na tundu lilikuwa kifuani, mahali ambapo huwezi kuliziba likakubalika. Nililia kama mtoto. Jumapili hiyo Senge alikuwa amepika mandazi, na mchana, akiwa kwenye mkutano wa akina mama, nilinunua karatasi ya sumu kwa pesa yangu bila kumwambia mtu. Nilifikiri kwamba wakikataa omena watakubali kitu kitamu. Nikakata mandazi mawili, nikayapaka, na saa kumi na mbili jioni nikavisukuma vipande chini ya kayaba, kwenye mashimo yao, upande wa jiko la Mama Imali. Niliamini miiba ingezuia watu. Nilikusudia kuviokota alfajiri kabla mtu hajatoka.

Nililala nikapitiliza.

Kilichoniamsha ni Mama Imali akiita jina la mtoto, bila kupiga kelele, akiliita tu, kama mtu anayemwita aliye chumba kingine. Nilipotoka alikuwa tayari anakimbilia barabarani na mtoto kifuani, viatu vya plastiki vikibaki nyuma kimoja kimoja. Mutiso alikimbia mbele yake kusimamisha gari. Nilikwenda kwenye kayaba. Nilikuwa nimetega vipande vinane. Palikuwa na sita. Niliviokota, nikavitumbukiza chooni, nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia mara tatu, nikarudi kuwasha jiko. Ninaandika hili polepole kwa sababu ndilo swali ambalo nimejiuliza zaidi: wakati ule hospitalini walikuwa hawajajua ni kitu gani, na mimi nilijua, na nilikuwa na miguu, kwa nini sikukimbia kuwaambia?

Mama Imali alirudi saa nane mchana bila mtoto. Wanawake walitandika mikeka, nami nikapewa trei ya vikombe. Daktari alikuwa amesema ni sumu. Mama mmoja aliyesaidia kumbeba mtoto akasema, “Kwa mkono alikuwa ameshika mandazi.”

“Nani alimpa mandazi?”

“Sisi wote tulitega omena.”

Kisha mwingine akasema, taratibu, “Mutiso humpa mandazi.”

Nilisimama na trei. Nakumbuka vikombe vilikuwa vya bati vya rangi ya maziwa, kimoja kimebanduka ukingoni. Nilikipeleka kile kilichobanduka kwa yule aliyesema, na akanishukuru.

Walimjia kesho yake asubuhi. Mutiso alifungua mlango mwenyewe. Alidhani wamekuja kwa mchango wa mazishi, maana alikuwa na noti mkononi. Ndani walikuta bundi watatu wa mbao, wawili wamekamilika, mmoja bila macho. Baba Kadima aliinua mmoja juu watu wote wauone, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuuliza swali. Sumu ilikuwa sumu, walisema, lakini ni nani aliyeitia mkononi mwa mtoto, na kwa nini aliwalilia ndege wale? Vitu vyake vilitolewa vikachomwa, vifaru na twiga pamoja na godoro. Mtu alimpiga kwa chuma kwenye mkono wa kulia, mara mbili, akiulenga. Nilimsikia akisema, “Nilimpenda huyu mtoto, jamani.” Mama Imali alikuwa amekaa mkekani na hakuinua kichwa. Mimi nilisimama mlangoni petu. Nilihisi mkono wa Senge begani, akanivuta ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Jioni tulikula ugali wa jana na chai. Senge alitafuna muda mrefu.

“Kageha, nilipika mandazi kumi na mawili. Mawili yalienda wapi?”

“Niliyala.”

“Uliyala.”

“Ndiyo, Senge.”

Aliniangalia mpaka nikashusha macho. “Basi uliyala. Na mtu akikuuliza, uliyala.” Akainuka, akachukua mwiko, akagonga meza kufukuza panya.

Kuna mwanafunzi aliyeniuliza muhula uliopita nini hutokea ukimwondoa mnyama mmoja tu kwenye mtandao wa chakula. Nilimwambia inategemea ni yupi, na wangapi wanamtegemea, na kwamba mahali penye aina chache za viumbe huanguka haraka, kwa kuwa hakuna wa kushika nafasi ya aliyeondoka. Hilo ndilo jibu sahihi kwa mtihani. Kaloleni yetu ilikuwa na aina chache sana mwaka ule: panya, nzi, kunguru, kayaba, na sisi. Baada ya mazishi niliokota karatasi, nikauandika mnyororo ule tangu tundu la hewa la holi mpaka mkono wa Imali, mshale kwa mshale, na nikaona kwamba ningeweza kuukata mahali pawili. Siku ya ngazi, kwa kusema neno moja. Na asubuhi ile, kwa kuamka. Niliichoma karatasi hiyo jikoni.

Mwezi wa kumi na moja niliitwa chuoni, nikahisi siwezi kwenda. Nilifika kwenye karakana ya wachongaji kumuulizia Mutiso, na mmoja wao akanielekeza Kayole, ghorofa ya kijani karibu na Spine Road. Nilimkuta chumba cha chini, kisicho na dirisha, mlango wazi ili apate mwanga. Alikuwa akipiga msasa bakuli la mtu mwingine kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umekaa pajani, vidole vimekunjika. Hakukuwa na mnyama hata mmoja mle ndani. Alinitengenezea chai na hakukubali nimsaidie kushika sufuria.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu gauni, kayaba, vipande vinane, choo, trei. Alipiga msasa mpaka nikafika kwenye mandazi, ndipo akaacha.

“Mandazi yalikuwa yako.”

“Ndiyo, Mzee.”

Juu yetu mtu alikuwa akiburuta kitanda. “Jumapili ile nilimpa kipande,” akasema mwishowe. “Miezi hii yote nimekuwa nikifikiri ni kile. Kwamba panya alikipitia, ama nilishika kitu mkononi nisijue. Nimelala na hilo kila siku.” Aliuangalia mkono wake wa kulia. “Hata walipoupiga, nilisema labda ni haki.”

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha.

“Mamake umemwambia?”

“Bado.”

“Polisi? Mwenyekiti?”

“Bado, Mzee.”

“Sasa huku ulifuata nini?”

Alichukua kikombe changu, ambacho kilikuwa bado nusu, akakimwaga nje ya mlango, akarudi kwenye bakuli lake. Nilisimama kidogo, kisha nikatoka.

Niliporudi Kaloleni jua lilikuwa bado lipo. Mama Imali alikuwa mferejini akifua mashuka, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Mimba ilikuwa imeanza kuonekana. Alikuwa peke yake. Njia nzima nilikuwa nimejiambia kwamba nikimkuta peke yake nitasema.

“Umepotelea wapi leo, Kageha? Senge wako amekuulizia.”

“Nilikuwa Kayole, Mama.”

“Kayole kuna nini?”

Alinitazama, akingoja, na uso wake haukuwa na shaka yoyote nami. Nilifungua mdomo.

“Nilienda kutafuta kazi.”

“Mungu atakufungulia, mtoto wangu,” akasema, na akanipa upande mmoja wa shuka nishike, tulikamue.